Kila mmoja alijua kidogo

Msimu wa korosho ukianza, vijiji vya Chidya hubadilika. Wazazi wengi huhamia mashambani, wengine kwa majuma kadhaa, kuokota, kuanika na kulinda mali isiibwe kabla haijafika kwenye ghala la chama cha msingi. Watoto wanaosoma hubaki kijijini na bibi, na kaka mkubwa, au wenyewe kwa wenyewe.

Chukulia kuna binti wa miaka 13, darasa la sita, aliyebaki na bibi yake. Si mtoto fulani, ni mfano tu. Lakini ni mfano ambao mwalimu au muuguzi wa Masasi na Newala hatashangaa kuusikia.

Mwalimu wake wa darasa ameona kwamba Jumatatu nne mfululizo binti hakufika shule, na siku anazofika analala kwenye dawati. Mwalimu amefikiri ni uchovu wa kazi za nyumbani. Ameandika kwenye daftari la mahudhurio, basi.

Muuguzi wa zahanati amemwona mara mbili kwa maumivu ya tumbo la chini. Mara ya pili aliletwa na mwanamume aliyejitambulisha kuwa ndugu, na ndiye aliyejibu kila swali. Muuguzi amempa dawa na kuandika kwenye rejesta.

Jirani amesikia pikipiki ikimshusha usiku. Mwenye duka amemuuzia vocha na mafuta ya kujipaka kwa noti ya elfu kumi. Bibi ameona nguo mpya, akaambiwa ni zawadi ya rafiki. Mtendaji wa kijiji amesikia minong'ono kwamba kuna kijana ameitwa na ukoo, akatozwa fedha, yakaisha.

Watu sita, na kila mmoja alijua kidogo. Kidogo hicho, kikiwa peke yake, hakimtishi mtu. Mtoto kusinzia darasani si kesi. Tumbo kuuma si kesi. Noti ya elfu kumi si kesi. Lakini viweke vyote juu ya meza moja, na hakuna mtu mzima ambaye hataelewa kinachoendelea.

Tatizo ni kwamba meza hiyo haikuwekwa. Mwalimu hakumuuliza muuguzi, muuguzi hakumpigia afisa ustawi wa jamii, na mtendaji hakutaka kuonekana anaingilia ya watu. Mzazi aliyeko shambani ndiye akawa wa mwisho kujua, siku tumbo la binti lilipoanza kuonekana.

Sheria imekwisha kusema

Wengi hudhani kutoa taarifa ya mtoto anayeumizwa ni hiari, kama kutoa mchango wa harusi. Sivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwamba katika kila uamuzi unaomhusu, maslahi yake ndiyo yatangulizwe.

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo kinampa kila mwanajamii wajibu. Mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, anatakiwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo husika. Sheria imesema taarifa, haikusubiri hadi mtu awe na uhakika wa kila kitu. Kuchunguza ni kazi ya wengine.

Kwa upande wa pili, sheria hiyo hiyo imeipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake, na afisa ustawi wa jamii ndiye mtendaji mkuu wa kazi hiyo. Kwa hiyo taarifa ina mlango wa kuingilia na ina mtu wa kuipokea.

Kuhusu mapenzi na mtoto wa kike, sheria ya jinai haina mzaha. Aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake haihesabiki. Na kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kuna adhabu ya kifungo cha miaka 30, kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Haya si makosa ya kumalizwa kwa mbuzi wawili na bahasha. Ukoo unaweza kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, lakini hauna mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtoto.

Hapa kuna jambo la kusema waziwazi. Katika koo za Wamakua, Wayao na Wamakonde, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sauti hiyo imewalea wengi na imewasomesha wengi. Basi itumike hivyo hivyo: mjomba awe wa kwanza kumshika mtoto mkono kwenda polisi, asiwe wa kwanza kuitisha kikao cha kuyafukia.

Funzo kutoka kwa mtoto wa Ivory Coast

Mzazi anaweza kudhani kukosa kupeana taarifa ni tatizo la vijiji visivyo na kompyuta wala magari. Kisa cha Victoria Climbié kinaonyesha vinginevyo.

Victoria alizaliwa karibu na Abidjan, Ivory Coast, mwaka 1991. Mwaka 1998 wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake aliyekuwa akiishi Ufaransa, kwa ahadi ya kumsomesha Ulaya. Ni jambo ambalo mzazi yeyote wa Chidya analielewa, kwani hata hapa watoto hupelekwa kwa ndugu Mtwara au Dar es Salaam kwa ahadi kama hiyo. Aprili 1999 mwanamke yule alihamia naye London. Huko Victoria hakuandikishwa shule hata siku moja.

Tarehe 25 Februari 2000 alifia hospitalini akiwa na miaka 8. Mwilini mwake walihesabu majeraha na makovu 128. Mlezi wake na mwanamume aliyekuwa akiishi naye walifungwa maisha kwa mauaji.

Kilichowashtua Waingereza zaidi kilikuja baadaye. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lord Laming, iliyotoa ripoti Januari 2003, iligundua kwamba mtoto huyo hakuwa amefichwa. Alikuwa ameonekana na idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi za kulinda watoto, na hospitali mbili. Katika hospitali ya kwanza daktari mmoja alishuku kwamba mtoto anapigwa, mwingine mwenye cheo zaidi akaamua ni ugonjwa wa upele, na neno "upele" likasafiri mbali zaidi ya shaka ile. Tume ilihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo mtu angeweza kumwokoa kwa hatua ya kawaida tu.

Ripoti hiyo ilitoa mapendekezo 108 na ikazaa sheria mpya ya watoto ya mwaka 2004. Serikali ya huko ikatengeneza hata daftari la kompyuta la watoto wote wa England, likaanza kutumika mwaka 2009. Mwaka uliofuata serikali mpya ikalifunga, kwa hoja kwamba linaingilia mno faragha za familia.

Funzo ni mawili. La kwanza, fedha na mitambo havimlindi mtoto ikiwa watu hawaongei. La pili, kuongea kukizidi kipimo nako kuna madhara. Kijiji chenye mwalimu mmoja mwenye simu ya tochi kinaweza kufanya vizuri kuliko jiji kubwa, mradi mwalimu huyo ajue ampigie nani na amwambie nini.

Meza ipo, ila haikaliwi

Tanzania si kwamba haina mpango. Ripoti ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, iliyotolewa mwaka 2011, ilionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana zaidi ya 1 kati ya 10. Waliowahi kumwambia mtu yeyote ni karibu nusu tu ya wasichana hao, na theluthi moja ya wavulana.

Baadaye ukaja Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kama MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Mpango huo ndio uliounda kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kuanzia taifa, mkoa, halmashauri, kata hadi kijiji na mtaa. Kwenye kamati ya kata wanatakiwa kukaa pamoja mtendaji, watu wa elimu, afya, ustawi au maendeleo ya jamii, polisi na viongozi wa dini. Hiyo ndiyo meza.

Kuna Madawati ya Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Kuna polisi kata. Shuleni kuna mwalimu wa malezi na ushauri, na serikali imeelekeza kuwepo dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Katika baadhi ya hospitali kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako mtoto hukutana na daktari, polisi na afisa ustawi mahali pamoja, ili asirudie kisa chake kwenye kila ofisi kama anayehojiwa kwa wizi.

Lakini kamati isiyokaa ni jina tu kwenye jalada. Mzazi ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji: kamati yetu ni akina nani? Ilikaa lini? Anayepokea taarifa za watoto ni nani, na namba yake ni ipi? Maswali haya si uchochezi. Yanauliza kama watu wanavyouliza bei ya korosho mnadani.

Siri ya nani?

Muuguzi atasema, na ana haki kusema, kwamba habari za mgonjwa ni siri. Mwalimu atasema mtoto alimwamini, hawezi kumsaliti. Hizi si hoja za kudharau. Mtoto akijua kila analosema litafika kisimani kesho, hatasema tena.

Tangu mwaka 2023 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022, ambayo imeweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini siri imewekwa ili kumlinda mtoto. Siri ikianza kumlinda anayemuumiza, imegeuka kuwa pazia lake.

Njia ya kati ni kumpa taarifa mtu anayeweza kufanya kitu, kumpa kiasi anachohitaji, na kuishia hapo. Muuguzi hahitaji kumweleza mtendaji vipimo vyote. Inatosha kumpigia afisa ustawi na kusema: "Kuna mtoto wa darasa la sita nina wasiwasi naye. Ameletwa mara mbili kwa tatizo lile lile, na mara ya pili aliyemleta hakumwacha azungumze. Naomba aonwe mapema." Mwalimu naye aseme alichoona kwa tarehe, asiseme anachokisia. "Hakuja tarehe hizi nne" kuna uzito kuliko "huyu mtoto ameharibika".

Na mtoto aambiwe ukweli. Asiahidiwe kwamba halitatoka hata neno. Aambiwe: "Hili ni kubwa, nitamwambia mtu mmoja anayeweza kutusaidia, na nitakuwa na wewe." Mtoto anaweza kukasirika siku hiyo. Ila atakuwa amejua kwamba mtu mzima amemwamini.

Kitu kimoja hakimo kabisa kwenye kupeana taarifa, nacho ni kikundi cha WhatsApp. Picha ya mtoto aliyeumizwa, jina lake, sauti yake akilia, hata kwa maneno "sambaza hadi wahusika wakamatwe", ni jeraha la pili. Picha haifutiki. Ikiingia kwenye simu, isitumwe mbele. Apigiwe anayehusika, na picha ionyeshwe polisi tu.

Mzazi afanye nini

Mkono mmoja haulei mwana. Wahenga walisema hivyo kwa sababu walijua mzazi hawezi kuwa kila mahali. Kuna mambo madogo ambayo mzazi anaweza kuyafanya kabla hakijaharibika kitu.

Kabla ya kwenda shamba, apite shuleni. Amwambie mwalimu wa darasa mtoto anabaki na nani, na aache namba mbili za simu. Aombe apigiwe mtoto akikosa siku mbili. Amwambie na jirani mmoja anayemwamini.

Mtoto akipelekwa kwa ndugu mjini, uhamisho wa shule ufuatwe hadi mwisho. Mwalimu mkuu wa huku awasiliane na wa kule kujua kama mtoto amepokelewa. Mzazi aongee na mtoto mwenyewe kwenye simu, tena bila spika kuwashwa, na amuulize jina la mwalimu wake. Mtoto asiye na jina la mwalimu huenda hasomi. Aliyeahidiwa shule akageuzwa mfanyakazi wa ndani ni mtoto wa kuulizwa habari zake haraka.

Wakati wa jando na unyago, likizo inapofika, mzazi amjue kungwi na amjue atakayekaa kambini. Wenye mila wana nafasi yao kwenye ulinzi huu. Mara nyingi binti humwambia somo wake jambo ambalo hajamwambia mama. Kungwi anayesikia kwamba mwali wake ameguswa na mtu mzima naye ni mwanajamii wa kifungu cha 95, kama mwalimu na muuguzi.

Ikiwa limeshatokea, saa ni muhimu. Mtoto aliyebakwa afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi hazifai kuanza baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asiogeshwe kwanza. Nguo alizovaa zifungwe kwenye kitambaa au karatasi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya polisi, PF3, haiuzwi. Hali ikiwa mbaya, mtoto atibiwe kwanza, fomu ifuatwe.

Anayeona aibu au hofu kwenda ofisini, au aliyegundua kwamba mtendaji mwenyewe ni ndugu wa mtuhumiwa, asikate tamaa. Namba 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto, haina malipo, na hata mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Mlango mmoja ukifungwa, kuna dawati la polisi, kuna ustawi wa jamii wilayani.

Na akishatoa taarifa, mzazi arudi kuuliza. Nani amepewa jalada? Mtoto ataonwa lini? Taarifa nyingi hufa kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia. Aliyetoa taarifa mara moja akanyamaza hajamaliza kazi.

Rudi kwa binti wa Chidya. Kwenye Jumatatu ya pili, mwalimu anachukua simu. Hana ushahidi, ana wasiwasi tu. Anamuuliza muuguzi kama kuna kitu cha kumtia shaka kuhusu mtoto yule, na muuguzi hajibu mengi, anasema tu, "Mwalimu, hata mimi nilitaka kukupigia." Wote wawili wanampigia afisa ustawi. Mama anaitwa kutoka shambani siku hiyo hiyo, magunia yanabaki chini ya mkorosho.

Pengine yule mwanamume ameshamgusa mtoto, na kuna safari ndefu ya hospitali na mahakama. Pengine bado. Lakini ni Jumatatu ya pili, siyo mwezi wa tano. Kwa mtoto wa miaka 13, tofauti hiyo inaweza kuwa maisha yake yote.